Re: CO₂ haina haidrojeni, mbona yaitwa oksidi ya asidi?

Ndugu yangu, jina hilo latokana na vile CO₂ (kaboni dioksidi) inavyotenda, si kwamba yenyewe ni asidi. Ikiingia majini hutoa asidi (CO₂ hutoa H₂CO₃, asidi ya kaboniki; SO₃, oksidi ya salfa, hutoa H₂SO₄, asidi ya salfuriki), na ikikutana na besi, kinyume cha asidi, huzaa chumvi.

Wataka kuona kwa macho? Pita Mji wa Kale hapa Mombasa, utazame kuta kongwe. Mawe ya matumbawe yakichomwa tanuruni hubaki CaO (oksidi ya kalisi), ambayo ni oksidi ya besi. Ukiitia maji, na ujihadhari maana huchemka, wapata chokaa, Ca(OH)₂, ambayo ni besi. Ukutani chokaa hiyo hunyonya CO₂ ya hewani polepole, ikarudi kuwa CaCO₃ (kalisi kabonati), jiwe lile lile! Ndiyo chumvi niliyoitaja, CO₂ ilipokutana na besi.

Ila CO (kaboni monoksidi) na N₂O (oksidi ya nitrojeni) usizitie katika kundi la oksidi za asidi. Hizo si oksidi za asidi wala za besi.