Maswali ya Wasomaji: Kidani cha Kinavajo Kisicho na Chapa

SWALI: Ndugu Mhariri, mama mkwe wangu ameniachia kidani cha Kinavajo: shanga za fedha, vipambo kumi vya umbo la ua la boga, na chini naja, ile hilali yenye feruzi, jiwe la rangi ya buluu-kijani. Nyuma hakuna chapa wala jina la fundi. Jirani anasema kisicho na chapa ni bandia. Je, ni kweli? — Msomaji, Flagstaff, Arizona

JIBU: Si kweli, na usikubali kukiuza kwa bei ya bandia. Wanavajo, wenyeji asilia wa kusini-magharibi mwa Marekani, walijifunza kufua fedha kwa mafundi wa Kimeksiko katikati ya karne ya 19, na walianza kuipamba kwa feruzi karibu na mwaka 1880. Kwa miongo mingi fundi hakutia alama yake. Desturi hiyo ilianza kuenea miaka ya 1930 na ikazoeleka kabisa miaka ya 1970. Cha kutilia shaka ni kidani kinachosemwa ni cha miaka ya 1890 huku kina chapa ya 925, yaani fedha sehemu 925 kwa 1,000. Zama hizo fedha ilitokana na kuyeyusha sarafu: dola za Marekani, zenye fedha sehemu 900 kwa 1,000, na peso za Meksiko, zenye takriban 903.

Kigeuze, maana mgongo wa kidani husema zaidi kuliko uso wake. Chukua kioo cha kukuza mara 10. Shanga ya mkono ni vibakuli viwili vilivyolehemiwa, kwa hiyo tafuta mshono katikati na tofauti ndogo za ukubwa. Kisha linganisha maua. Kishimo kilekile kikijirudia mahali palepale kwenye kila ua, yametoka katika kalibu moja ya kiwandani. Nakshi za mkono huzidiana kina, na makali ya naja huonyesha mikwaruzo ya tupa. Tazama pia ulikaji: tundu la shanga ya zamani hutanuka kwa msuguano wa uzi, na sehemu zinazogusa nguo hulainika. Weusi uliotanda sawasawa kila mahali, hata panaposuguliwa, umepakwa.

Sumaku haitoshi. Itafichua chuma, lakini aloi ya shaba, nikeli na zinki iitwayo fedha ya Kijerumani kwa kawaida haivutwi, wala fedha halisi haivutwi. Mwombe sonara apime kwa mashine ya eksirei, isiyokwaruza. Uzito wa fedha ni bei ya chini kabisa tu: toa uzito wa mawe, gawanya gramu kwa 31.1 kupata aunsi, kisha zidisha kwa 0.9 na kwa bei ya siku ya aunsi ya fedha. Kazi ya mkono na mawe ndivyo vinavyopandisha thamani.

SWALI: Nitajuaje kama feruzi ni halisi? — Msomaji, Albuquerque

JIBU: Feruzi nyingi sokoni ni halisi lakini imenyweshwa resini ili iwe ngumu. Hilo si kosa likitajwa, ila bei hushuka. Bandia ya kawaida ni hawliti, jiwe jeupe, iliyotiwa rangi. Ugumu wake ni 3.5 tu, na wa feruzi ni 5 hadi 6. Gusa sehemu iliyofichika kwa pamba yenye asetoni kidogo. Pamba ikigeuka buluu, jiwe limepakwa. Isipogeuka, bado hujathibitisha kitu, kwa kuwa rangi nyingine hazitoki. Sindano ya moto msiitumie kamwe: huacha kovu kwenye jiwe zuri.

Feruzi isiyotibiwa hugeuka kijani kwa mafuta ya ngozi na sabuni. Basi jiwe la buluu angavu ndani ya ukingo wa fedha uliochakaa huenda limebadilishwa. Chunguza kama ukingo una alama za kufunguliwa. Majina ya migodi, kama Lander Blue wa Nevada au Bisbee wa Arizona, huongeza bei sana. Lakini bila hati, jina usililipie hata senti.

SWALI: Je, nikisafishe kidani kabla ya kwenda kwa mthamini? — Msomaji, Gallup

JIBU: Hapana. Dawa ya kuchovya huondoa weusi wa ndani ya nakshi, ambao wanunuzi huuthamini. Maji nayo ni hatari: mawe mengi ya zamani yamelazwa juu ya unga wa mbao, nao ukilowa huvimba na kulisukuma jiwe nje. Tumia kitambaa laini kikavu tu.

Mwambie mthamini unataka thamani ya bima au ya kuuzia, kwa sababu ya bima huwa juu zaidi. Mkatae anayetoza asilimia ya thamani, na anayetaka kukinunua mwenyewe. Ripoti iwe na uzito, vipimo, picha za mbele na nyuma, na kila tengenezo, hasa lehemu ya risasi ya kijivu, ambayo hupunguza bei. Ukiuza, usiandike "cha Kinavajo" bila uhakika: sheria ya shirikisho ya 1990 inayolinda kazi za wenyeji asilia wa Marekani ina faini inayofika dola 250,000 na kifungo cha hadi miaka 5.