Jibu: Laptopu kuukuu kwa mtoto wa miaka 9

Dada, umeuliza kama laptopu kuukuu isiyo na intaneti itamfaa mwanao. Itamfaa sana! Ikiwa ina Windows 10, mwekee Scratch, programu ya bure ambayo mtoto hutengeneza katuni na michezo kwa kupanga vipande vya rangi vyenye maagizo, iliyotoka chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007. Ukishaipakua haitaki bando tena, na lugha waweza kuiweka Kiswahili.

Hapa Lamu binti yangu alichora punda, akampangia vile vipande vya rangi: ukimbofya, anagoma katikati ya njia na kusema "Nimechoka mie!" kwa sauti ya bibi yake, aliyoirekodi mwenyewe. Tulicheka mpaka bibi akatoka jikoni kuuliza punda huyo ni wa nani.

Ila chumvi ya bahari hula vyuma, usiiache laptopu dirishani usiku.