Mkuu uliye Dodoma, usinunue hizo eka 5 za mikoko

Usitoe hata mia. Umesema umeuza shamba la zabibu na dalali wa Rufiji anakuuzia eka 5 za "pori la matope", ufyeke mikoko ufuge samaki aina ya mwatiko. Mimi niliuza kiwanja changu cha Nkuhungu, hapohapo Dodoma, kwa maneno hayohayo, wakati sijawahi hata kuona bahari ikijaa na kupwa.

Eneo nililikuta limeshafyekwa, visiki vitupu. Dalali akasema nina bahati, kazi ngumu imeisha. Mwongo mkubwa yule! Tulipochimba bwawa, tope lilitoka jeusi, linanuka yai viza. Lilipokauka juu ya tuta likaota madoa ya manjano. Hakuna aliyeniambia kwamba tope la mikoko lina salfa: likilala ndani ya maji halina neno, ukilifukua likapigwa na hewa linazaa asidi. Mvua ya kwanza ikaosha matuta, maji yakawa rangi ya kutu, na asubuhi nikaokota mwatiko kwa ndoo. Nikamwaga chokaa mifuko kwa mifuko, wapi! Ikaja bamvua, yale maji makuu ya bahari, tuta la upande wa bahari likaenda lote. Mizizi iliyokuwa ikishika tope na kuvunja mawimbi ndiyo ileile iliyofyekwa.

Ndipo nikaenda ofisi ya misitu. Nikaambiwa mikoko ya Bara ni hifadhi ya serikali, iko chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, na ya delta ya Rufiji imehifadhiwa tangu enzi za Mjerumani, 1898. Karatasi yangu ya mauziano haikuwa na maana yoyote. Dalali hapokei simu mpaka leo, na ada ya wanangu anayo yeye.

Mzee mmoja mvuvi alinipeleka kwenye mkondo ambao mikoko yake bado imesimama. Maji yakipwa, katikati ya mizizi kulikuwa na kamba wadogo kama punje za mchele, wanarukaruka. "Hawa wakikua ndio tunaowavua kule nje," akasema. "Mkikata hapa, mwanangu, sisi tunavua nini?" Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo shika hili: penye mkoko hapauzwi, hata kama kimebaki kisiki. Chukua kodineti (namba za GPS) za hilo eneo uzipeleke ofisi ya misitu ya wilaya kabla hujakanyaga benki. Dalali akikataa kukupa, jibu umeshalipata. Hilo la soko la samaki Dodoma ulilouliza, tutaongea ukitoka huko ofisi ya misitu.