Kuhama si adui wa ushirikiano, inategemea unahama vipi

Wapo wanaosema watu wakihamahama kusaidiana lazima kufe. La, si kweli. Mtu akizurura ovyo, hapo sawa, ushirikiano unadhoofika: mdoezi anakula kwa hawa, wakija kumjua keshafika kwa wengine. Lakini akihama kwa sababu, yaani anawakimbia wanaomnyonya na kufuata penye nafuu, mambo hugeuka. Mtafiti Aktipis alionesha mwaka 2004, kwa majaribio ya kompyuta, kwamba hata kanuni nyepesi ya "ukidhulumiwa, ondoka" inawalinda wanaosaidiana. Watafiti wengine, Helbing na Yu, wakaja na lao mwaka 2009: wanaofuata penye faida wanajikuta wamekusanyana wema kwa wema, hata wakianza wachache.

Mie nimekulia Pemba kwenye dago, yaani kambi ya wavuvi, hili naliona bila kompyuta. Nahodha anayepunja mgao hagombwi. Msimu ujao mabaharia wanapanda chombo cha mwengine, yeye anabaki pwani anakwangua ngalawa peke yake. Ila kwenye mwamba wa pweza uliofungwa kwa muda ili pweza wakue, ni kinyume: wenyeji wanajizuia miezi, siku ya kufungua anatokea mtu wa mbali na chombo chake cha mashine, anajaza pweza, haonekani tena.

Na msidhani kukaa pamoja tu ndiyo dawa. Mtafiti Taylor alikokotoa mwaka 1992 kwamba jamaa wasiohama huishia kushindana wao kwa wao, na ile faida ya kusaidiana ikaliwa papo hapo. Waulizeni ndugu waliorithi shamba moja la mikarafuu.