Nywele za mbele zinaisha kwa sababu ya kusuka, nipake nini?

Pole shosti. Umesema kila ukisuka rasta kichwa kinauma, vipele vinatoka, na sasa nywele za pembeni ya paji zinaisha halafu saluni wanakuuzia mafuta ya mnyonyo. Kwanza fumua hizo rasta hata kama umezilipia juzi, maana kinachozing'oa ni kule kuvutwa, mafuta hayasaidii hapo. Halafu kaa dirishani na kioo uangalie palipobaki wazi, ukiona vitundu na vinyweleo vidogo vidogo basi mizizi bado ipo, zitarudi ila taratibu, nywele inakua kama sentimita 1 tu kwa mwezi. Ila kama ngozi imekuwa laini inang'aa haina hata kitundu, hilo ni kovu, usimalize hela kwenye vichupa, wahi daktari wa ngozi (siyo msusi anayejiita dokta wa nywele, wamejaa siku hizi). Kama uko kaskazini, hospitali ya KCMC pale Moshi wana kituo kizima cha magonjwa ya ngozi. Relaksa usiiguse kwa sasa. Na ukija kusuka tena, ukiona hata kukunja uso huwezi, mwambie msusi alegeze hapohapo, usimwonee aibu.