Usiilaumu beringi kabla hujalipima boksi lake

Beringi ya kwanza ilirudi karakana rola zake zimegeuka bluu na grisi imekauka ikawa kama lami. Tukasema ni mbovu, tukafunga mpya. Ya pili nayo ikafa: behewa lilelile, ncha ileile ya ekseli. Safari hii mzee mmoja wa karakana, mtu wa maneno machache, alizifuta pete zote mbili za nje kwa tambara lenye dizeli, akazilaza juu ya mchoro wa boksi, mchoro wenye saini yangu pale chini. "Soma, mhandisi," akasema, akaenda zake.

Pete ya nje husomeka. Ekseli huzunguka pamoja na pete ya ndani, lakini ya nje imetulia ndani ya nyumba yake, ambayo sisi wa karakana tunaiita boksi tu. Kwa hiyo kila mahali palipobeba mzigo huachiwa alama, njia ya kijivu isiyong'aa kama chuma kilicho jirani yake. Mzigo wa behewa hutoka juu. Hushuka kwenye bogi, ile fremu yenye magurudumu chini ya behewa, ukapita kwenye springi, ukafika kwenye paa la boksi, na paa ndilo linaloikalia beringi mgongoni. Alama ya afya basi ni utepe mmoja mpana upande wa juu, unaofifia taratibu kulia na kushoto. Zangu zilikuwa na alama tatu: moja juu, nyembamba, na mbili ubavuni zikitazamana, mahali ambapo hapakutakiwa kubeba chochote.

Boksi lilikuwa linaikaba beringi.

Lilikuwa boksi la mabawa, jamii moja na yale ya bogi ya Y25 inayotumika sana kwenye mabehewa ya mizigo ya Ulaya. Springi hazikai juu ya paa, zinakaa juu ya mabawa mawili, moja mbele na moja nyuma ya ekseli. Ukitaka kuelewa linavyofanya kazi, fikiria mzegamzega: mti begani, ndoo huku na ndoo huku. Beringi ndiyo bega, springi ndizo ndoo. Mti ukiwa mwembamba unapinda, na unapopinda, upande wake wa juu unavutwa na wa chini unabanwa. Tundu la beringi liko upande huo wa chini. Likibanwa, upana wake unapungua, na rola za ubavuni ambazo zingekuwa zinapumzika kila mzunguko zinajikuta kazini muda wote.

Mimi nilikuwa nimepunguza milimita 6 kwenye unene wa paa ili kuokoa uzito, na nilijisifu nayo. Hesabu ilikubali kabisa, mkazo ndani ya chuma haukukaribia kikomo. Swali ambalo sikuliuliza ni kama tundu linabaki duara likishapakiwa. Kwa ekseli ya tani 22.5, kila boksi linabeba zaidi ya tani 10 behewa likiwa limesimama tu, kabla ya mtikisiko wa reli. Chuma kinaweza kuubeba mzigo huo miaka na miaka bila ufa, huku kikiipinda beringi kwa mikroni chache, yaani elfu chache za milimita, zinazotosha kuiua.

Ndiyo maana siku hizi nikipewa mchoro wa boksi naanza na ugumu wa umbo, halafu ndipo nguvu. Na ukipiga hesabu kwenye kompyuta, usilijaze tundu kwa silinda imara ya chuma ukaiita beringi. Nilifanya hivyo, na silinda hiyo ikalishikilia tundu lisipinde, nikapata jibu zuri la swali lisilokuwepo. Weka kila rola kama springi inayosukuma bila kuvuta, weka na nafasi halisi iliyopo kati ya pete na boksi, kisha tazama kila rola inabeba kiasi gani. Ukiona moja ya juu imebeba mzigo wa wenzake, rudi kwenye umbo la paa. Mara nyingi dawa ni kuupokea mzigo mabegani mwa duara, kulia na kushoto kidogo ya kilele, ili rola nyingi zaidi zigawane. Hilo si la kupuuza, kwa sababu maisha ya beringi za rola hukokotolewa kwa kipeo cha 10/3: ongeza mzigo kwa asilimia 10 tu na umepoteza zaidi ya robo ya maisha yake.

Wenye bogi za vipande vitatu, zile za Marekani, wanaweza kudhani hayo hayawahusu kwa kuwa beringi yao ya rola za koni huja imefungwa kamili na juu yake kuna kiatu tu, kipande cha chuma kinachoikalia mgongoni, badala ya boksi. Kiatu kikiliwa upande mmoja, au kikikaa kimepinda kwenye fremu, safu moja ya rola inabeba na ya pili inasindikiza. Ugonjwa ni uleule.

Kuhusu chuma chenyewe sina mengi. Boksi husubiwa kwa chuma cha kaboni cha kawaida, au kwa chuma cha kusubu chenye grafiti ya vidonge, na kwa mabehewa yanayopita kwenye baridi kali ipo daraja ya EN-GJS-400-18-LT ambayo haigeuki kuwa kama kigae. Ila nenda ukaongee na wasubu kabla hujaukamilisha mchoro. Bawa linapoungana na paa, unene hukutana na wembamba, na sehemu nene ndiyo hupoa mwisho, ikabaki na matundu ndani. Katika boksi za kwanza kutoka kwenye kalibu, toa moja sadaka: likate kwa msumeno kwenye shina la bawa ulitazame. Inauma kulikata boksi lililoonekana zima, lakini nimewahi kuona ndani ya moja tundu ambalo kidole changu kidogo kiliingia hadi kwenye kucha.

Sasa ukerezaji, na hapa ndipo nimepoteza usingizi mwingi zaidi.

Tundu la beringi ya milimita 130 kwa 240 huchongwa mara nyingi kwa H7, yaani kati ya 240.000 na 240.046. Pete ya nje inatakiwa iingie kwa mkono, ikiteleza, si kwa nyundo. Siku moja boksi tano mfululizo ziligoma. Fundi wa mashine aliapa kwamba amezipima, na hakusema uongo. Aliingiza geji ya ncha mbili mbele yangu, akaizungusha: 240.03, akageuza, 240.03, akageuza tena, 240.03. Kipimo kizuri kuliko hicho utakipata wapi? Tukapaka wino wa bluu wa ukaguzi ndani ya tundu, tukaisukuma pete ilipofika, tukaitoa. Wino ulikuwa umegusa sehemu tatu, zimeachana sawasawa kama mafiga.

Mafiga hayo yalikuwa taya za mashine. Boksi lilibanwa kwa taya tatu kutoka nje, likaminywa kidogo, likachongwa duara safi likiwa limeminywa hivyohivyo. Lilipoachiwa likarudi kwenye hali yake na tundu likawa na pembe tatu za mviringo. Geji ya ncha mbili haiwezi kuona umbo hilo, kwa sababu mkabala wa kila uvimbe pana bonde, na jumla yake ni ileile kila unapogeuza. Tumia geji ya miguu mitatu na uizungushe, au mashine ya kupima umbo kama unayo. Na badala ya kubana boksi mbavuni, libane kwa kulikandamiza usoni, sambamba na mhimili wa tundu. Pia lipashwe moto kuondoa mikazo ya kusubu kabla ya mkato wa mwisho, la sivyo litaendelea kujinyoosha lenyewe likiwa kwenye rafu.

Joto nalo ni mwongo wa pili. Tundu la milimita 240 hukua kwa takribani mikroni 2.7 kwa kila digrii moja ya Selsiasi. Boksi lililotoka kwenye mashine likiwa na digrii 15 juu ya joto la chumba cha vipimo linakuonyesha mikroni 40 ambazo kesho hazitakuwepo, na uwanja wako wote ni mikroni 46. Kipimo rasmi ni cha digrii 20. Sisi tulianza kulaza boksi na geji chumba kimoja usiku kucha, wakaguzi wakanung'unika kwamba tunachelewesha kazi, wakazoea.

Sili na grisi nitazipitia haraka. Labirinti, yaani zile njia za kupinda zisizogusana, haziliki wala hazichemshi, na ukizichonga vizuri zinazuia vumbi kuliko watu wanavyoamini. Haziwezi kuzuia bomba la maji ya kasi lililoelekezwa moja kwa moja na mtu anayetaka bogi ing'ae. Mwambie asielekeze hapo. Grisi nayo isijazwe hadi pomoni: rola zikilazimika kuikoroga, joto linapanda na grisi inaharibika. Acha nafasi tupu kwenye mchoro wako mahali grisi ya ziada itakapokimbilia.

Kuna kosa jingine ambalo mbunifu hawezi kulizuia peke yake, lakini anaweza kulipunguza. Fundi anachomelea kipande kwenye mwili wa behewa, waya wa kurudisha umeme ameubana kwenye reli. Umeme hutafuta njia: unashuka kwenye bogi, unaingia kwenye boksi, unaruka kutoka pete hadi rola, rola hadi pete, unaishia gurudumuni. Kila unaporuka unayeyusha nukta ndogo. Niliwahi kuishika pete kama hiyo. Kwa macho ilionekana kama imemwagiwa unga wa kijivu. Chini ya kioo cha kukuzia, ule unga ulikuwa vishimo, maelfu yake, kila kimoja na ukingo wake ulioyeyuka. Bana waya kando ya mahali unapochomelea, upande uleule wa beringi. Mimi siku hizi naweka kwenye mchoro wa bogi sehemu maalumu ya kubania, imeachwa bila rangi, ili fundi asiwe na kisingizio.

Na uache boksi lionekane. Vipo vipima joto kando ya reli vinavyolitazama kila boksi linapopita, na Ulaya ina kiwango, EN 15437, kinachosema ni eneo gani la boksi lazima libaki wazi kwa macho ya kifaa hicho. Mara mbili nimekuta mtu wa breki ameweka mabano mbele ya eneo hilo kwa sababu palikuwa na nafasi. Zamani, enzi za bushi za metali nyeupe na pamba iliyoloweshwa mafuta, kipima joto kilikuwa pua ya mtu: moshi na harufu. Mwaka 1979 behewa la aina hiyo lilichemka likaangusha treni Mississauga, Kanada, na zaidi ya watu 200,000 wakahamishwa kwa sababu ya klorini. Rola zimepunguza sana mikasa hiyo, hazijaimaliza. Februari 2023, East Palestine huko Marekani, beringi moja ilipita vipima joto vitatu ikisoma Farenhaiti 38 juu ya joto la hewa, kisha 103, kisha 253. Kufikia kipimo cha tatu, muda wa kuisimamisha treni salama ulikuwa umekwisha. Tazama namba hizo kwa mpangilio wake: ya kwanza haitishi mtu, na hata ya pili peke yake inaweza kuachwa ipite. Habari iko kwenye mwendo kutoka moja hadi nyingine.

Ndiyo sababu kwenye safari ya kwanza ya boksi jipya sitazami namba moja. Beringi yenye grisi mpya hupanda joto mwanzoni, kisha grisi ikijipanga joto hushuka na kutulia. Ikipanda bila kushuka, simamisha. Na linganisha ncha mbili za ekseli moja, maana zimebeba mzigo karibu sawa, zimekimbia njia moja, zimepigwa na upepo mmoja.

Milimita zangu 6 nilizirudisha, nikaongeza na mbavu mbili kwenye mashina ya mabawa. Uzito ule niliokuwa nimeuokoa ukarudi wote na kidogo juu yake. Tulipolifungua boksi lililorekebishwa baada ya kulikimbiza, niliifuta pete mwenyewe kwa dizeli nikampelekea mzee. Utepe mmoja, mpana, juu. Akaipitisha kucha ya dole gumba kutoka mwanzo wa alama hadi mwisho, polepole, akaigeuza, akaipitisha tena.

"Na ya ncha ya pili?" akauliza.

Sikuwa nimeifungua.