Wasomaji Wanauliza: Gome la Mchungwa na Kazi ya Figo

SWALI: Mbuzi wametafuna gome la mchungwa wangu kuzunguka shina lote, upana wa kiganja. Sasa ni miezi miwili, majani bado mabichi na shina limevimba juu ya jeraha. Je, umepona? – Msomaji, Muheza

JIBU: Haujapona. Majani ni mabichi kwa sababu maji hupanda kwa mirija ya zailemu, iliyo ndani ya mbao, na mbuzi hawakuifikia. Chakula hupita kwingine. Sukari iliyotengenezwa majanini husafiri kwa floemu, na floemu imo upande wa ndani wa gome. Jani hutumia nishati kuingiza sukari humo, maji ya zailemu huifuata, shinikizo linapanda na utomvu unasukumwa hadi penye mahitaji: mizizi, matunda, machipukizi. Kwako njia imekatika, sukari imekwama juu ya jeraha. Ndio uvimbe unaouona. Mizizi inakula wanga wa akiba. Akiba ikiisha mizizi itakufa, na hapo maji nayo yatakoma.

Chunguza vizuri: ukibaki hata ukanda mwembamba wa gome hai unaounganisha juu na chini, ulinde, mti una nafasi. Kama haupo, unga daraja la vijiti juu ya jeraha wakati wa mvua, gome linapobanduka kwa urahisi. Punguza kingo zilizokauka hadi ufikie gome bichi. Kata vijiti vya unene wa penseli kutoka matawi yenye afya, virefu kidogo kuliko jeraha. Chonga ncha zote mbili, chomeka moja chini ya gome la chini na nyingine chini ya gome la juu, kila baada ya sentimita 5 hadi 7, kisha funga na uzibe kwa nta. Kosa kubwa ni kugeuza kijiti: ncha iliyokuwa chini mtini ibaki chini. Machipukizi yaliyo chini ya jeraha usiyakate mpaka daraja lishike, kwani yanalisha mizizi. Ila kama mchungwa ulibebeshwa juu ya mlimau, yaliyotoka chini ya kiungo yatazaa malimau.

SWALI: Nasikia figo huchuja lita 180 kwa siku. Mbona mkojo haufiki hata lita mbili?

JIBU: Ni maji yaleyale ya damu, yanachujwa tena na tena. Kila figo ina nefroni, yaani vitengo vidogo vya kuchuja, zipatazo milioni moja. Mwanzoni mwa kila nefroni kuna kifundo cha mishipa midogo sana, ndicho kichujio. Shinikizo la damu hukamua humo maji, chumvi, glukosi (sukari ya damu) na urea (taka ya protini), huku chembe za damu na protini kubwa zikibaki. Kisha mrija wa nefroni hurudisha kwenye damu glukosi yote na takriban asilimia 99 ya maji. Karibu nusu ya urea hubaki, ikatoka.

Sukari ya damu ikipita takriban milimoli 10 kwa lita, mrija hushindwa kuirudisha yote. Inayobaki huvuta maji, na mgonjwa wa kisukari hukojoa mara kwa mara na kupata kiu kali. Kichujio chenyewe kikiharibika, protini huvuja na mkojo huweza kutoa povu lisilotulia haraka. Mwenye kisukari au shinikizo la juu la damu apimwe albumini (protini) ya mkojo pamoja na kreatinini (taka ya misuli) ya damu kila mwaka, maana kreatinini pekee huweza kuonekana sawa hata figo zikiwa zimeshapoteza sehemu kubwa ya uwezo wake. Tena, mtu anayeharisha au kutapika asimeze diklofenaki wala ibuprofeni: dawa hizi hupunguza damu inayoingia kwenye kichujio wakati maji ya mwili tayari yamepungua.